Tuta la Shimo la Nane

Kwako Mami, huko uliko, na natumaini umepewa gambuti nyingine, maana zako ninazo mimi,

Ninakuandikia nikiwa nimesimama. Karatasi nimeiweka juu ya boneti ya gari, kalamu inakwama kila ikifika penye mkunjo, na nimeshalizunguka gari hili mara nne tangu nianze. Ulizoea kuniambia kwamba nilizaliwa nikiwa nimekalia siafu. Leo ungesema siafu wamekuja na jamaa zao.

Jumatatu tingatinga linakuja kulisawazisha tuta lako. Lile la juu ya grini, zile nyasi fupi za shimo la nane, hapa hapa kwenye uwanja wa gofu nyuma ya Ruiru, ambao ulikuwa shamba la kahawa enzi zako za kuchuma. Uwanja umepata mbunifu mpya, Bwana Mutiso, kijana mpole anayevua kofia hata akisalimia wafagiaji. Wenye uwanja wamemwajiri aurudishe kama ulivyochorwa mwanzo na yule Mzungu mrefu, na mimi ndiye mpima ardhi wake. Jumanne tulisimama juu ya tuta na michoro ya zamani. Akaangalia karatasi, akaangalia ardhi, akarudi kwenye karatasi.

"Hii kitu haiko hapa kwa drawing," akasema. "Ni nani aliiweka?"

Mami, nilisema sijui.

Nilisema upesi, kama mtu anayefukuza nzi. Akaandika kwenye daftari lake kwamba ni kosa la wajenzi na liondolewe, tukaendelea hadi shimo la tisa. Tangu hapo sijakaa mahali dakika tano. Chai napika nasahau kuinywa. Juzi niliendesha gari mpaka Thika na kurudi, na ungeniuliza nilifuata nini Thika ningekosa la kusema.

Ama pengine ningesema nilifuata ule ua. Ule wa uwanja wa zamani wa gofu, ambapo wewe ulikuwa ukinisimamisha Jumapili tukitoka kumwona tata, dada yako. Wenzangu walipelekwa kula chipsi. Mimi niliwekwa kwenye ua nitazame nyasi. Hukuwahi kushika fimbo ya gofu na hukujali nani ameshinda. Ulitaka kujua jambo moja tu kuhusu kila mtu aliyewahi kubuni uwanja: alikuja kuona shamba wakati gani, wa jua au wa mvua.

"Huyu alichora na mvua," ulisema kuhusu ule wa Thika. "Angalia vile ametoroka huko chini. Huyu alikuwa na ng'ombe, akafuata mahali ng'ombe inapita."

Jina la mtu huyo hatukulijua. Wazee wa pale walituambia walikuwa walowezi wawili watatu na vigingi vyao, watu ambao hawakusomea kubuni chochote. Wewe uliwapa alama zao na tukaenda zetu. Ule mwingine wa Ruiru mjini, ulioupitia kwa nje ukienda sokoni uliupa alama pia, kwa sababu ya miti. Hata kwa jirani, gofu ya ng'ambo ikionyeshwa kwenye televisheni, ulinyoosha kidole katikati ya watu na kusema huyo aliyechora hapo hajawahi kunyeshewa. Nilikuwa nikiona aibu kidogo. Siku hizi nikifika kwenye uwanja wowote kwa kazi, naanza na swali lako kabla sijafungua mfuko wa vifaa.

Sasa yule Mzungu wetu alikuja mara mbili. Januari na Januari.

Alikuwa mtu mzuri, tusimsengenye. Alituonyesha picha za viwanja vya kwao, vilima laini vyenye nyasi ndefu za manjano, na alitaka mteremko wa shimo la nane ushuke hivyo hivyo, mmoja, bila kukatizwa, mpaka kwenye grini. Kwenye karatasi ulipendeza kweli. Wewe ulikuwa nyapara wa wanawake kumi na mmoja waliopanda nyasi kwa mkono, kishina kwa kishina. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa upimaji niliyekuja kwa mafunzo ya kazini. Kazi yangu ilikuwa kushika ile rula ndefu na kuandika namba, na nilijiona injinia.

Mahali pale ulipajua kwa jina lingine, Bloki Kumi na Nne. Ulikuwa umepapalilia miaka. "Hiyo bloki, maji ya Aprili inabeba kahawa na mizizi yake," ulimwambia msimamizi wa kazi, naye akaitikia kwa kichwa huku akiongea na simu. Kisha mashine ikaharibika, spea zikachelewa, msimamizi akaenda Nairobi kuzifuata. Machi ilikuwa inakwisha na mawingu yameanza kukaa upande wa Kilimambogo.

Ukafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angefanya akiachiwa mteremko mtupu na mawingu. Mlichimba mtaro mkautupa udongo upande wa juu, ile ile iitwayo fanya juu, ya shambani kwa shosho, nyanya yangu, kule Gatanga. Siku tatu, majembe kumi na mawili. Msimamizi alirudi akakuta tuta refu limeukata katikati mteremko wa Mzungu, na tayari limepandwa nyasi.

Alituita wote. Aliponiona nina michoro mkononi akanigeukia.

"Wewe msichana, hii kitu iko kwa drawing?"

Nilijua jibu kabla sijaikunjua karatasi. Niliikunjua tu, ili nionekane nimeangalia.

"Haiko," nikasema.

Ulikuwa hatua tatu kutoka kwangu, leso kiunoni, udongo hadi kwenye viwiko. Akauliza nani aliyetoa amri. Ukasema, "Ni mimi. Hawa nimewatuma tu." Ulirudisha jembe stoo saa nne asubuhi, umefutwa kazi, ukaenda nyumbani Kimbo kwa miguu. Mimi nilibaki kazini mpaka saa kumi na moja nikishika rula.

Jioni nilikukuta unachambua sukuma. Nilitaka unigombeze, ningepata pa kuanzia. Hukunigombeza, basi nikaanza mimi, na ule ujuaji wa mtoto wa chuo.

"Mami, drawing ni drawing."

"Na maji ni maji," ukasema. "Leta sufuria, mami."

Uliniita mami kama siku zote, kwa kuwa nimepewa jina la mama yako. Hatukulizungumza tena, jioni ile wala miaka yote iliyofuata. Mvua ya Aprili ilifika kabla mashine haijapona, nyasi zikashika, tuta likabaki na watu wakawa na mambo mengine. Hata hospitalini mwaka juzi, nilipokuwa nimekaa nawe alasiri nzima, nilikuongelesha habari za jam ya Thika Road.

Jana ilibidi nilipime tuta, ili dereva ajue ni udongo kiasi gani wa kuondoa. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Mami, linashuka. Kwa macho limelala sawasawa, lakini kwa darubini yangu ya kupimia linashuka polepole kuelekea mtoni, kidole kimoja kila hatua kumi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Maji yakilifikia hayatuami wala hayalivunji. Yanasindikizwa kama mgeni mpaka kwenye geti. Jicho la mtu haliwezi kazi hiyo. Nimefanya upimaji miaka kumi na tisa na langu haliwezi.

Nikaenda Kiuu kumtafuta Mama Njambi, mmoja wa wale kumi na mmoja. Siku hizi anauza mboga, amekuwa mfupi, lakini kisu chake bado kina haraka. Nikamuuliza mlipima na nini. Kamba? Chupa ya maji?

"Ai, si ni namba zako," akasema, huku akiendelea kukata sukuma. "Mama yako alikuwa anakuuliza jioni mkipika. Leo pale kwa kigingi mmepata ngapi? Na ile ingine? Wewe unamsomea kwa kitabu, unaringa. Asubuhi anakuja amezishika zote kwa kichwa."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata harufu ya vitunguu. Nilidhani unajivunia mwanao aliyesoma, na nilizisoma kwa sauti kubwa kidogo ili zimfikie na jirani.

"Na mbona hakusema siku ile?" nikamuuliza.

Mama Njambi akaweka kisu chini. "Aseme ndio wakufukuze na wewe? Alituambia huyo mtoto asijue mpaka amalize shule. Ukamaliza. Nafikiri sasa akaona haya kukukumbusha."

Wewe ndiye uliyeona haya. Nimelizungusha jambo hilo kichwani tangu jana na halitaki kukaa. Aliyestahili haya ni mimi, na ninaiona leo. Nimekukana mara mbili juu ya tuta moja. Mara ya kwanza nilisema kweli, ikakutoa kazini. Mara ya pili nilisema uongo, na hakuna aliyenilazimisha. Sikutaka tu yule kijana mwenye adabu ajue kwamba mama yangu alikuwa mwanamke wa jembe aliyefukuzwa hapa. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine, na nimeiandika hapa ili niache kuizunguka.

Asubuhi nimefanya jambo. Nilichukua mchoro mpya wa shimo la nane, ule rasmi unaokwenda kwa wenye uwanja, nikalichora tuta lako kutoka mwanzo hadi mwisho, na mshale wa kuonyesha maji yanakoelekea. Penye nafasi ya jina la mbunifu nikaandika lako, kamili, la ubatizo na la baba yako. Penye mpimaji nikaandika langu. Nikampelekea Bwana Mutiso nikamwambia Jumanne nilimdanganya, na nikamweleza ni nani aliyeliweka na kwa nini.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Na mbona ulisema hujui?"

"Niliona aibu."

Akavua kofia, akaivaa tena. Akasema wenye uwanja wanautaka ule mteremko wa kwenye picha, kwamba yeye si wa mwisho kuamua, atawapigia kisha atanijibu. Hiyo ilikuwa saa tatu. Sasa ni saa nane, simu iko hapa kwenye boneti karibu na mkono wangu, na imelia mara moja tu. Alikuwa mtu wa kuuza bima.

Mawingu yamekaa tena upande wa Kilimambogo. Wewe pumzika, mimi nitazunguka kwa niaba yetu sote wawili. Jumatatu nitakuwa hapa mapema nikiwa nimevaa gambuti zako, ingawa zinanibana kidole gumba, na nitasimama juu ya tuta. Sijui watakuwa wameamua nini. Ninachojua ni kwamba dereva hawezi kuanza kukwangua kabla ya kumuuliza mpimaji swali lile lile, kama hii kitu iko kwa drawing. Nitaikunjua karatasi, na safari hii nitaikunjua ili aone.

Iko, Mami. Sasa iko.

Ni mimi binti yako, uliyekuwa ukimwita mami.