Shikamoo Kwenye Mkeka

Shemsa, usicheke.

Leo kwenye judo nimepangiwa Bi Thuwaiba. Bi Thuwaiba wetu, aliyetufunza Kurani chuoni!

Refa kasema tuanze, mimi maneno yakanitoka yenyewe: "Shikamoo Bi Thuwaiba." Nikasimama, nasubiri jibu.

Kanibwaga! Nshalala chali juu ya mkeka ndio ananijibu, "Marahaba mwanangu." Marahaba, Shemsa! Ukumbi mzima hapa Jang'ombe hoi kwa kicheko.

Kesho tunarudiana, pambano la mwisho. Nikishinda napanda daraja la kwanza, nikishindwa nasota tena daraja la pili.

Ati kocha ananikataza kumwamkia. Ntamwamkia! Adabu yangu siiachi kwa ajili ya mtu. Ila shikamoo ya kesho ataipata nshamlaza, aitikie akiwa chali.