Jina la Kagabo Ndani ya Mashine

Mama Félicité, mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi nina barua ya kupeleka kwa komanda wa jeshi, pale kwenye kizuizi cha barabarani, na sijalala vizuri tangu niiandike.

Ninafanya kazi hapa Baraka katika ofisi inayowagawia waliokimbia vita mbegu, majembe na maturubai, na tuko watatu, mimi, Anatole na Kagabo, kila mmoja na kompyuta yake, lakini ile programu ya orodha ilinunuliwa kwa leseni ya viti viwili tu, yaani wakiingia wawili wa tatu anakataliwa mpaka mmoja atoke, na anayehesabu ni mashine kubwa iliyo chumbani mwa chef, mkuu wetu wa ofisi, mashine ambayo haizimiki kwa sababu inakula betri ya jua, siyo kama zetu zinazokufa mlinzi anapozima jenereta bila kutuambia, maana mafuta ni shida tangu boti zipungue.

Sasa Mama, mara mbili tumeporwa, kwanza Nundu halafu Kilembwe, wenye silaha, wanaosemekana kushuka milimani, walitangulia lori letu, walijua siku na walijua familia ngapi, na sisi tunabandika orodha mlangoni mwa kanisa siku mbili kabla ili kila mtu aone jina lake, tunajitahidi kwa haki, kisha watu wanapigwa na kunyang'anywa, na tangu hapo kila mtu ofisini anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho.

Jumatano iliyopita nilifika, Anatole yuko ndani ya programu, mimi peke yangu nataka kuingia, mashine ikaniandikia kwamba leseni zote zinatumika, nikashangaa, zote na nani, nikamwomba chef anifungulie daftari la matumizi, lile ambalo mashine inajiandikia yenyewe nani ameingia na saa ngapi, nikasoma kwa macho yangu: Kagabo, ameingia Jumanne saa tatu asubuhi, hajatoka. Na Kagabo alikuwa ameondoka Jumanne ileile, jenereta ilipozimwa tu, akapanda milimani kumzika shangazi yake! Anatole akaniinamia sikioni, "Unaona? Ule muntu wa milima iko anasoma majina ya bantu betu kule kwabo. Andika barua, we peleka kwa komanda."

Chef alilitoa jina lile kwenye mashine nikapata kiti, lakini barua nimeandika. Nimetaja jina lake lote na kijiji cha mama yake. Mama, huyu Kagabo mtoto wangu alipougua aliniletea maziwa wiki nzima, lakini Ijumaa aliporudi alinitisha zaidi, maana mimi Alhamisi umeme ulinikatikia katikati ya kazi, Ijumaa nachelewa kufika kwa sababu ya foleni ya maji, namkuta amekaa, ananiuliza, akiniita dada kama kawaida yake, "Yaya Rosette, ungali ndani? Machine inanikatala, inasema we na Anatole muko ndani." Nikamwambia, "Mi natoka nyumbani sasa hivi, hauone ndoo?" Akacheka. Kwa nini alicheka? Anajaribu kunigeuzia mimi? Nipeleke barua au nisipeleke, na nikinyamaza halafu watu waporwe tena, damu yao itakuwa juu yangu?

Mwenye barua mfukoni, Baraka

MAMA FÉLICITÉ ANAJIBU:

Mwanangu, majina yote humu nimeyabadilisha, na jibu hili nililituma kwa mkono likufikie kabla ya Jumamosi. Mengine yangesubiri kuchapwa. Hili hapana.

Najua hofu. Mtu aliyeona watu wake wakiporwa mara mbili anaanza kusikia hatua nyuma ya kila mlango, na sikucheki kwa hilo. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu na nimekasirika, kwa sababu majibu yote umeyaandika mwenyewe kisha ukayaruka.

Nilikwenda kwa fundi anayetutengenezea mashine hapa Uvira. Hata chai hakuiweka chini. Aliniuliza, "Groupe, ile jenereta yabo, ilizimwa ule muntu akiwa ndani?" Nikasema ndiyo. "Basi, Mama, hakuna muchawi. Hakufunga programu, umeme ndio ulimukata. Ile machine kubwa ingali inamungojea aage." Kiti cha Kagabo kilibaki kimekaliwa na jina lake, yeye mwenyewe akiwa makaburini. Na wewe? Umeme ulikukata Alhamisi, Ijumaa jina lako likawa ndani na wewe uko na ndoo kichwani. Ushahidi ni uleule, mwanangu. Yeye alikuuliza akacheka. Wewe umemwandikia komanda.

Unauliza waporaji walijuaje siku. Mlango wa kanisa! Mnabandika majina na tarehe, siku mbili, anayejua kusoma asome. Kwa nini mtu ahangaike na neno la siri la kompyuta wakati karatasi iko barabarani? Sisemi hakuna msaliti Baraka, wapo. Nasema daftari lile halijakuonyesha msaliti, limekuonyesha mlinzi anayezima jenereta bila kubisha.

Tena mimi nina shaka yangu, na si juu ya Kagabo. Anatole anajua kuandika vizuri. Mbona barua iko kwa mwandiko wako, na mguu wa kuipeleka ni wako? Siku mambo yakiharibika atasema hakujua lolote. Jiulize hilo, lakini usimwandikie barua na yeye.

Fanya hivi, leo. Choma ile karatasi. Usiichane tu, ichome. Mwombe chef avifungue viti vinavyokwama, kama alivyofanya Jumatano, ni kubonyeza tu, na mlinzi abishe hodi kabla ya kuzima ili kila mtu atoke kwa jina lake. Mlangoni mwa kanisa bandikeni majina bila siku; siku wataitangaza wakubwa wa mitaa asubuhi yenyewe. Kisha nenda ukampe Kagabo pole ya shangazi yake, maana katika barua yote sikuona mahali ulipompa.

Jina lake likikwama ndani ya mashine, chef analitoa. Likikwama mfukoni mwa komanda, nani atalitoa?