Mikono Miwili ya Kushoto

3 Machi

Mwanangu Kifungo,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Mama yako mguu unamsumbua, lakini ulimi ni mzima, kutwa ananiuliza kama umeandika. Kazi zipo. Cherehani yako nimeifunika, vumbi lisiingie. Mwaka umepita hujaja hata kutusalimia. Hicho kiwanda cha sare hakitoi likizo? Njoo basi tukuone.

Ni mimi baba yako.

20 Machi

Shikamoo Baba,

Mpe Mama pole ya mguu. Mimi ni mzima. Nashona kola kutwa kucha, shati zima silioni.

Likizo ninayo, Baba. Siji kwa sababu ya lile gauni la bibi harusi. Ulikata wewe, ukasahau kugeuza kitambaa, ikatoka mikono miwili ya kushoto. Mwenyewe alipokuja juu, ukaninyooshea kidole mbele ya wateja: "Ni huyu binti yangu, nilimwachia mkasi." Nikanyamaza kwa kukuheshimu. Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyekubali niguse kitambaa chake, ndiyo maana niliondoka.

Unaikumbuka chupa ya chai ya jirani niliyoivunja? Nilikuwa na miaka saba. Ulinirudisha kwake mara tatu, eti niliomba radhi huku natazama sakafu. Ulisema nyumba hii mwenye kosa huenda kwa miguu yake, akasema kwa mdomo wake.

Nimewakumbuka mpaka kifua kinauma. Lakini nakungoja uje, Baba.

Mwanao.

2 Aprili

Kifungo,

Salamu baada ya salamu. Barua yako nimeisoma. Mama yako naye kaisoma, na jioni hiyo nilikula peke yangu. Ni kweli, nilikata mimi. Watu walijaa dukani, nikaona aibu. Basi yaishe, mwanangu. Nimekushonea gauni la bluu kwa vipimo vyako vya zamani. Kama umekonda, niambie nipunguze.

Baba yako.

15 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini mguu wa Mama una nafuu. Gauni limenikaa sawasawa. Nimelia nalo, kisha nikalitundika nyuma ya mlango. Sijalivaa.

Siku ile ningemwandikia jirani barua kuhusu chupa yake, ungekubali?

Mwanao.

30 Juni

Shikamoo Baba,

Hamjambo huko? Miezi miwili na nusu hujanijibu. Pengine nilivuka mpaka. Mtu akikohoa kwenye ngazi, natoka mbio nikidhani ni wewe. Kama kuja ni kugumu, basi acha. Niandikie hata mstari mmoja kwamba mko wazima. Mwisho wa mwezi ujao nitakuja mimi, nitajifanya nimesahau.

Mwanao.

6 Julai

Kifungo,

Tuko wazima, mama yako anakusalimu sana. Barua yako imenikuta nafunga mkoba.

Usidhani nilinuna. Sikuandika kwa sababu nilikuwa namtafuta yule mwenye gauni. Alihama baada ya harusi, nikazunguka kwa ndugu zake hadi nikampata. Nikamwambia mbele ya mumewe na wakwe zake kwamba mkasi ulikuwa mkononi mwangu, na kwamba nilikusingizia. Alicheka, akasema alishasahau. Mimi jasho lilinitoka, nikatamani ardhi ipasuke. Kumbe hivi ndivyo nilivyokuwa nakutuma ukiwa mdogo vile! Nikarudi dukani, nikawaambia wateja mmoja mmoja. Fundi viatu wa jirani alinicheka wiki nzima. Nimevumilia.

Sasa umebaki wewe. Usije wewe kwangu, hilo nimelikataa. Mlinzi wa kiwanda chenu amekubali kukuletea karatasi hii hapo unaposhonea. Mimi niko getini, upande wa kivuli. Neno lenyewe sikuliandika humu.

Maliza zamu yako, usije ukakosana na msimamizi. Nitangoja.

Baba yako.