Rangi ya Sebule ya Kocha

Nyumba ya Kocha,
Nyuma ya uwanja,
Jumatano, alasiri.

Mpendwa Dada,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Na shemeji yangu, amepunguza chumvi kama alivyoambiwa na daktari, au bado mbishi? Sisi wazima. Watoto wanakula kama mchwa, ila mimi sina raha. Barua hii nimeianza mara mbili nikainuka kwenda dirishani.

Uliuliza kwa nini tumehama. Shemeji yako amepewa timu! Ndiyo, Kufuli huyo huyo, aliyefundisha makipa miaka yote bila mtu kumjua. Tulipoanza kushika mkia, kamati ilimtimua kocha wa kwanza, ikaleta mwingine mwenye suti, naye akatimuliwa kabla suti haijafuliwa. Wanasema ni kuinusuru timu isishuke daraja. Wanaokosa mabao ni wengine, anayefungashiwa virago ni kocha. Nilimsihi akatae, maana kocha wa makipa hafukuzwi, hakuna anayemkumbuka. Lakini alikuwa anatabasamu kama bwana harusi, nikameza maneno yangu.

Hapa nyumba huja na kazi na huondoka na kazi. Mapazia ni ya mke wa yule wa suti, na chini ya kitanda niliokota soksi ya mtoto wao. Nikiwa jikoni nawasikia mashabiki wakimtukana mume wangu huku nakoroga mboga. Siku moja nilitoka na mwiko mkononi, wakanyamaza.

Lakini Kufuli ana mkono mzuri, Dada. Tangu ashike timu hatujafungwa. Jumamosi tukishinda, tumepona.

Sasa sikia. Klabu hii ina desturi ya kupaka nyumba rangi kabla kocha mpya hajaingia. Sisi hatukupakiwa. Mwenyekiti alisema Kufuli ni mtu wa nyumbani, hana makuu. Leo asubuhi fundi rangi akabisha hodi na makopo yake. Nilifurahi nusura nimkumbatie! Nikashusha mapazia, nikamwambia sebule naitaka rangi ya maziwa.

Fundi akanitazama. Akasema mama ameshachagua kijani, alipokuja kukagua vyumba Jumapili. Jumapili sisi tulikuwa kwa mama mkwe. Nikamuuliza mama gani. Masikini, akajibu tu: mke wa kocha anayehamia Jumatatu. Aliambiwa apake baada ya mechi, ila siku hizo ana kazi nyingine, ndiyo maana akaona awahi. Kisha akaelewa anaongea na nani, akashika mdomo.

Kwa hiyo tushinde, tusishinde, wameshatumaliza.

Nilikuwa bado nimekumbatia mapazia Kufuli alipoingia kutoka mazoezini. Akaona makopo, akanishika mikono akanizungusha sebuleni. "Unaona, mama? Nani ampakie mtu nyumba rangi kama anataka kumfukuza?" Halafu akauliza nani kachagua kijani kizuri namna hii.

Nikasema mimi.

Fundi akainamia kopo lake, akaendelea kukoroga. Sasa Kufuli yuko chumbani anapanga kikosi, anapiga mluzi. Nina hasira, Dada. Dakika moja natamani timu yao ishuke hadi kuzimu, dakika ya pili najilaani, maana ushindi wa Jumamosi utakuwa wake. Nimeamua simwambii kabla ya mechi.

Msalimie shemeji, na binti yako muuguzi, na yule mtundu wa mwisho. Watoto wanamsalimu sana mama yao mkubwa. Mungu akuponye goti na akulinde hapo ulipo.

Tafadhali, Dada, tutengee kile chumba cha nyuma kuanzia Jumatatu, sisi na watoto. Na Jumamosi jioni mpigie shemeji yako umpe hongera. Ongea naye sana, acheke, angalau usiku huo awe bado kocha.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Watoto