Mwisho wa Hadithi ya Dada Yako

Chiduo, mtani wangu,

Umenichosha. Umekufa, ukaniachia mji mzima wa watu wanaopiga makofi kwa kila kitu.

Tangu reli ifike hapa Dodoma hatukosi maonyesho. Juzi Mgiriki mmoja alitundika shuka jeupe nyuma ya duka lake, akatuonyesha picha zinazotembea. Farasi anakimbia, mwanamke anaanguka, farasi tena. Watu wakashangilia. Nikawauliza, yule mwanamke ni nani, na anamkimbia nani? Hakuna aliyejua, wala hakuna aliyejali. Kisha karani wa stesheni akatusomea gazetini kisa cha msafiri aliyevuka pori letu, na mwanzo hadi mwisho msafiri anajisifu tu, mara ameua nyati, mara amewatisha wapagazi. Wapagazi wenyewe hawasemi neno. Ungekuwepo ungesema, "Hiyo haina chumvi, mrudishieni mwenyewe." Nikasema mimi badala yako. Nikaambiwa nina husuda.

Hayo ningeyameza. Lakini binamu yako Mloli ameishika hadithi yako ya ile njaa.

Padri alitangaza kwamba anataka hadithi za Wagogo, zipigwe chapa, watoto wa shule wazisome. Mloli akajitokeza na ya kwako, ile ya dada yako Mbeleje, ambaye baba yenu alimtoa kwa watu wa Haneti apate mtama, nawe ukamfuata mvua ziliporudi. Mwitikiaji nikawekwa mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikikuitikia wewe. Padri hakuijua kazi yenyewe, ikabidi aelezwe: mwitikiaji akisema "ehe", msimulizi anaendelea, akinyamaza, msimulizi amepotea, arudi nyuma atengeneze.

Mbeleje naye alikuja kwa miguu kutoka Haneti, akaketi na wanawake.

Mloli alianza vizuri, sikatai. Kufika Haneti, loo! Ukaua simba. Ukambeba dada yako mgongoni. Ngoma ikachezwa mpaka asubuhi. Nikanyamaza. Akarudia, akaongeza simba wa pili. Nikanyamaza. Watu wakaanza kuninong'oneza nimwitikie, padri anasubiri, kwani kuna hasara gani. Hasara! Dada wa mtu ameketi pale, anasikia amerudishwa nyumbani ambako hakuwahi kurudi, na kesho watoto watafundishwa hivyo hivyo.

Nikasema mwisho wako ndio wa kweli: ulifika na mbuzi wa kumkomboa, ukamkuta ameolewa, ana mtoto mgongoni, akakupa kisogo kwa hasira. Ndivyo ulivyotusimulia miaka yote.

Mbeleje akasimama. Akasema, "Nyote wawili mnakosea."

Nikamwitikia, ehe.

"Sikuwa na hasira. Niligeuka asinione nikilia. Angeniona asingeondoka, na mtoto wangu nisingeweza kumwacha. Alipokwenda nilipanda kichuguu, nikamtazama mpaka akapotea."

Ehe, nikasema.

Chiduo, wewe! Wewe uliyemsumbua kila msimulizi, kwa nini huyu alifanya hivi, yule alikuwa anawaza nini! Haneti si mbali kiasi hicho. Ulishindwa nini kumwuliza huyo mmoja? Umekwenda kaburini ukiamini anakuchukia, naye, aliniambia baadaye, amekaa huko miaka yote akidhani hukurudi tena kwa sababu ulimchoka. Nimewakasirikia nyote wawili mpaka nikalia mbele za watu, mtu mzima mimi.

Padri aliandika ya Mloli. Alisema watoto wanahitaji furaha. Simba wote wawili wamo.

Basi pumzika, mtani wangu, pamoja na huo ulimi wako. Hakukuchukia. Kama huko uliko habari zinafika, ishike hiyo kwanza, mengine yote ni kelele zangu. Nami nakuahidi: maadamu nina pumzi, hadithi hii kwangu itaishia juu ya kile kichuguu, na atakayeisimulia vingine sitamwitikia, hata awe nani. Na nitakwenda Haneti. Mbeleje ameniuliza ulikuwa ukicheka vipi ulipokuwa mtu mzima. Nitajaribu kumwonyesha.

Wako,
Iddi wa Kondoa