Ushanga kwa Maji Maangavu

Salo Landing, Michigan
Machi 9, 2006

Shemeji Harlan,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. U hali gani? Kifua kinaonaje hiyo hewa kavu waliyokusifia? Binti yako Noreen na mumewe hawajambo? Mimi mzima, isipokuwa goti ambalo halisahau kunisalimia kila asubuhi. Mbwa anakula vizuri, paka wa jirani anakula chakula cha mbwa, na mimi nakula kinachobaki.

Nakuandikia kwa sababu simu siisikii tena, na kwa sababu mambo ya mtoni yameniharibikia. Barafu imevunjika mapema, theluji ilikuwa haba, mvua ndiyo kabisa. Maji yameshuka na kutulia, maangavu mpaka naona kokoto chini ya dimbwi letu la mwerezi. Samaki wetu, stilihedi, wameshapanda kutoka ziwani kutaga. Nawaona kwa macho yangu, wamelala chini ya ukingo na migongo yao ya kijivu. Naupitisha ushanga wa chambo puani mwao, ule wa kuigiza yai la samaki, wanausogelea, wanauangalia, wanaondoka. Jana mmoja alisogea pembeni akaupisha, kama mtu anayempisha mlevi barabarani.

Shida yangu unaijua. Macho yangu hayatenganishi nyekundu na kijani. Marehemu mke wangu Elma, dada yako, aligundua siku nilipomsifia gauni lake zuri la kijani, kumbe amevaa jekundu, na wewe ulinicheka mpaka ukakaa chini. Miaka yote ni wewe uliyekuwa ukifungua boksi la shanga na kuniwekea mmoja kiganjani: "Valisha huu kwenye uzi, kelele basi." Tangu uondoke Oktoba nafungua boksi mwenyewe, na ninachoona ni shanga za udongo tupu. Nachukua ule unaoonekana vizuri kuliko wenzake, natupa, wananidharau.

Niambie nivalishe upi. Na niambie unakuja lini, maana ulisema theluji ikiisha tu. Kitanda cha chumba cha nyuma nimeshakitandika. Najua ni mapema.

Ni mimi shemeji yako,
Veikko


Tucson, Arizona
Machi 20, 2006

Shemeji Veikko, mzee wa gauni la kijani,

Nimefurahi kuona mwandiko wako mbaya. Sisi huku hatujambo. Kifua kipo, daktari anasema tuvute subira kidogo. Noreen anakusalimu sana, amekuokea mkate mtamu wa iliki, kisha tukaula, maana ungefika umeota ukungu. Jua la hapa halina haya. Majirani wameweka mawe mbele ya nyumba badala ya nyasi, halafu wanayafagia. Nimewauliza kama mawe yanakua, hawakucheka. Hakuna mtu hapa wa kutaniana naye, shemeji.

Sasa sikiliza. Kosa lako ni moja: unachagua ushanga unaokupendeza wewe, na anayekula si wewe. Maji yakiwa ya matope samaki haoni kitu, lazima umpigie kelele, ushanga mkubwa, rangi ya chungwa kali. Maji yakiwa maangavu ana nafasi ya kutazama na wakati wa kufikiri. Hapo unanong'ona. Chukua mdogo, usizidi punje ya njegere, na hata huo ukikataliwa shuka hadi pilipili manga. Chukua uliofifia. Yai la kweli likikaa majini siku chache linapoteza rangi, linaingia ukungu kama maji yaliyoosha kikombe cha maziwa. Ukungu huo unaupata kwa rangi ya kucha, nyeupe ile ya lulu, tone moja tu na uliache likauke. Uzi uwe mwembamba na mrefu. Ushanga ukae vidole viwili juu ya ndoana, uukaze kwa kijiti cha meno tunduni mwake.

Kuhusu macho yako usijitie unyonge. Rangi huoni, lakini mwanga unaona kuliko mimi. Jaza glasi maji ya mtoni, iweke juu ya kokoto za mtoni, tia shanga ndani, halafu rudi nyuma hatua kwa hatua. Usiuchukue unaobaki kuonekana. Usiuchukue uliopotea kabisa. Chukua ule unaokaribia kukupotea.

Nitakuja. Mwezi wa nne, daktari akiridhika. Usilale kitandani kwangu na mbwa.

Shemeji yako,
Harlan


Salo Landing
Aprili 3, 2006

Shemeji Harlan,

Salamu, na pole kwa majirani wanaofagia mawe. Huku hatujambo, ila jina langu limechafuka mji mzima na ni kosa lako.

Nilikwenda duka la dawa kununua rangi ya kucha. Arlene yuko pale pale kwenye kaunta, kazi yake kusikia. Nikasema nataka nyeupe ya lulu. Akaniuliza, "Ya nani, Veikko?" Nikasema ya samaki. Akanitazama hivi, akasema, "Haya, na huyo samaki ana jina?" Basi nikanunua chupa tatu ili nisirudi tena kuuliza. Jumapili baada ya ibada, nanywa kahawa zangu, mke wa mchungaji akanishika mkono akasema Elma angependa niwe na furaha. Nilitaka kuingia chini ya meza.

Lakini nilifanya ulivyosema. Niliziweka shanga kwenye glasi, nikarudi nyuma mpaka nikagonga jiko. Mmoja ukabaki palepale kwenye ukingo wa kuonekana. Sijui ni rangi gani, nami sina wa kunisemea. Nikauvalisha. Samaki wa kwanza akaufuata hatua tatu nne chini ya maji, akafungua mdomo, akageuka. Alifungua mdomo, Harlan! Tangu Oktoba hakuna aliyefungua mdomo.

Jumamosi niliwasha sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke. Kwa mazoea nilijaza ndoo mbili na kuweka taulo mbili. Nikakaa juu peke yangu, nikamwaga maji kwenye mawe nitakavyo, hakuna wa kuniambia nimezidisha. Nilitoka mapema. Sauna ya mtu mmoja ni chumba cha joto tu.

Wewe siku gani unakuja? Nitakupokea uwanja wa ndege na pikapu. Samaki hawatakaa. Maji yakipata joto watateremka ziwani, na msimu umekwisha.

Shemeji yako,
Veikko


Salo Landing
Aprili 15, 2006

Shemeji,

Natumai mko salama. Sijapata jibu. Mtu wa posta anapita, anapunga mkono, haachi kitu.

Kama umeamua kuwa mtu wa jangwani sema tu. Mimi si mtoto. Ila mtu huambiwa, shemeji, haachwi anachungulia dirishani kila gari likipita. Leo nimeona nina hasira nawe, na sina hata wa kumwambia, kwa hiyo nakuambia wewe.

Nimeshuka hadi pilipili manga. Wanafuata, hawali.

Veikko


Tucson
Aprili 21, 2006

Shemeji Veikko,

Salamu sana. Mwandiko huu mzuri si wangu, ni wa Noreen. Mimi nasema, yeye anaandika, na ameapa hataongeza adabu.

Una haki ya kukasirika. Nilikuwa hospitali siku kadhaa, sikutaka ujue. Sasa nina mtungi wa oksijeni unaonifuata nyumba nzima kama mbwa wako. Siji, shemeji. Si mwezi huu wala mwingine. Daktari hasemi tena tuvute subira. Nimekaa na hili neno wiki nzima nikitafuta namna ya kuliandika ili lisikuume, nimekosa. Liume tu.

Kitanda kikunje, weka kuni zako.

Nina ombi moja, na si kubwa. Nataka nisikie samaki amekubali ushanga uliouchagua wewe, kwenye maji maangavu, bila mimi kukuwekea kiganjani. Samaki yeyote. Ninachowaza usiku na mchana ni wewe umesimama ukingoni na boksi limefunguliwa, hujui ushike upi, na mimi niko huku natazama mawe. Nikisikia hilo nitapumzika.

Mwezi wa nne ukielekea mwisho wale samaki wengine wa midomo minene nao wanapanda kutaga. Mayai yao ni madogo na yamepauka. Stilihedi wanayajua. Punguza ukungu wa lulu, nusu tone. Simama nyuma ya mti, vaa koti la kahawia, acha kikohozi nyumbani.

Shemeji yako,
Harlan

Mjomba Veikko, shikamoo. Hapa ni Noreen, na haya sitamsomea baba. Kila mchana anauliza kama barua ya samaki imefika. Madaktari wanasema hatuna muda mrefu. Mjomba, nakuomba, andika tu kwamba umempata. Hata kama hujampata. Andika kwamba alikuwa mkubwa. Atalala kwa amani, na hakuna atakayejua zaidi yangu na wewe. Nakupenda, na nimechoka sana.


Salo Landing
Aprili 29, 2006

Shemeji Harlan,

Noreen mwanangu, marahaba. Kwanza soma hapa peke yako. Ulichoniomba nilikaa nacho mezani, nikaandika barua nzima, samaki mkubwa ajabu, nikaisoma, nikaitia motoni. Baba yako amenijua tangu tukiwa vijana na hajawahi kupitwa na uongo wangu hata mmoja. Angenisikia nadanganya, akajua kwamba umeniomba, akajua kwa nini. Nisamehe. Kuanzia hapa msomee yote, polepole, usiruke.

Shemeji, salamu. Siulizi hali, nimeshaambiwa. Nililia, halafu nikamtazama mbwa, akatoka nje kwa heshima.

Jana nilikwenda dimbwi la mwerezi kabla jua halijagusa maji. Koti la kahawia. Nilitoka na glasi yangu, nikachota, nikaiweka kwenye kokoto, nikatia shanga za pilipili manga zote nilizozipaka wiki hii. Nikarudi nyuma. Wa kwanza ukapotea, wa pili, wa tatu. Mmoja ukawa unapotea unarudi, unapotea unarudi, kila mara nilipopepesa. Nikarudi nikauchukua. Hakuna aliyeniambia niuchukue. Kijiti cha meno nilikivunja mara mbili.

Walikuwa wanne chini ya ukingo, na jike mmoja nyuma yao, mrefu. Nikatupa upande wa juu kabisa wa mto, nikaacha maji yaulete yenyewe. Jike alipanda kidogo. Hakuufuata, hakuutazama. Alifungua mdomo akaula, shemeji, kama kitu chake. Hakusita! Uzi ukakaza, akaruka, maji yakanimwagikia usoni, nikamwona mzima mzima hewani na mashavu yake, ambayo wewe ungesema ni ya waridi, na mimi naona tu yamewaka.

Alinizungusha dimbwi lote. Akachoka, mimi nimechoka, akaanza kuja ubavu. Alikuwa karibu hivi, ningeweza kumgusa kwa ncha ya fimbo ya kuvulia. Na mimi nikageuka kukuita ulete wavu.

Nilisema jina lako kabisa. Nilitazama pale chini kwenye jiwe bapa unaposimama siku zote. Kwa kule kugeuka uzi ukalegea, naye akatema ndoana, akakaa kidogo juu ya kokoto akipumua, akateremka. Sikumpata. Nisingeweza kukuandikia kwamba nimempata.

Lakini aliukubali, Harlan. Niliuchagua mwenyewe, na aliukubali bila kusita. Nilikaa ukingoni mpaka mbwa akaanza kulia njaa.

Huku pako kimya sana.

Shemeji yako,
Veikko


Tucson
Mei 5, 2006

Shemeji Veikko,

Noreen ndiye anayeandika tena. Amenisomea mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka wakaleta daktari. Mara ya pili nilimwomba arudie pale jike alipoula, kisha arudie tena.

Ushanga ulikuwa sawa. Sina la kukuongezea hapo, na najua unavyopenda niwe sina la kuongeza.

Nunua wavu wa mpini mrefu, ule wa mkono mmoja. Uufunge kwenye mkanda wako, upande wa kushoto. Samaki akija karibu, mwangalie yeye tu. Usigeuke, shemeji. Siko pale.

Shemeji yako,
Harlan