Msuko Uliobaki Mkononi

Darlène, nimepoteza mkanda wangu wa ubingwa wa mieleka. Usipige simu, bado niko uwanjani Namuwongo na kinyago usoni.

Nilikuwa nashinda! Nikamshika mpinzani wangu Atoo nywele, nikavuta, watu wakapiga kelele. Msuko mmoja ukabaki mkononi mwangu.

Msuko wangu mwenyewe. Nilimsuka Alhamisi pale saluni Kabalagala. Miaka minne hakuna mteja anayejua kwamba yule mwanamieleka wa kinyago, Radi ya Uvira, ni mimi.

Nikaangalia fundo. Kweli, sikulikaza.

Nikasema, "Pole mteja, nitausuka tena bure." Kwa sauti! Ulingoni!

Atoo akashtuka. "Blandine? Si uliniambia itakaa miezi miwili?"

Halafu akakaa chini katikati ya ulingo, akanipa mgongo. Banange, na mimi nikapiga magoti nyuma yake nianze kusuka. Ni mazoea, ningefanyaje?

Akanishika shingo, akanirusha, akanilalia. Refa anahesabu moja, mbili, na Atoo ananiambia sikioni, "Kesho saa tatu nakuja. Na ukaze."

Nikamjibu, "Karibu mteja."

Refa akasema tatu.